Dripu ya NAD: Kinachopita Mshipani na Kinachofika Kwenye Seli

Duka langu la dawa lina ngazi saba mlangoni, na asubuhi ile mwalimu mstaafu, mteja wangu wa miaka mingi, alisimama kwanza kwenye ya nne akivuta pumzi. Tulipomaliza shikamoo na marahaba akatoa simu. Mwanawe anayefanya kazi Dubai alikuwa amemtumia video: mtu ameegemea kiti cha ngozi, mkono umenyooshwa, mfuko wa maji umetundikwa juu yake.

"Mwanangu," akaniuliza, "hii nasikia inarudisha nguvu za mwili. Huku kwetu ipo?"

Ipo. Dripu za NAD zilivuma Marekani, zikaenea London na Dubai, na sasa Nairobi unazipata. Kikao kimoja Marekani hugharimu mamia ya dola, na mtu hushauriwa arudie. Mwalimu anaishi kwa pensheni. Nilimjibu kwa kifupi pale kaunta, lakini swali lake linastahili jibu refu zaidi.

NAD ni koenzaimu, yaani msaidizi ambaye kimeng'enya hakiwezi kufanya kazi bila yeye. Iligunduliwa kwenye hamira. Mwaka 1906, jijini London, Arthur Harden na William John Young walichuja maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye hamira wakapata mafungu mawili. Kila fungu peke yake lilishindwa kuchachua sukari. Yakichanganywa, povu linaanza upya. Fungu moja liliharibika kwa kuchemshwa: hilo ndilo lenye vimeng'enya. La pili lilichemshwa na likabaki na uwezo wake. Ndani yake mlikuwa na kitu kidogo, kigumu kuua, kilichokuja kujulikana kama NAD. Mwaka 1929 Harden alishiriki Tuzo ya Nobeli ya kemia na Hans von Euler-Chelpin kwa utafiti wa uchachushaji.

Kazi yake ndani ya seli ni ya uchukuzi. Ugali na maharage uliyokula jana vinapovunjwavunjwa, NAD hubeba elektroni zinazotoka humo, huzipeleka kwenye mitokondria, huzitua, kisha hurudi mikono mitupu kuchukua mzigo mwingine. Mchukuzi yuleyule huenda na kurudi mara nyingi mno. Ana kazi nyingine pia: vimeng'enya vinavyorekebisha DNA iliyoharibika humvunja na kumtumia, na mwili humjenga upya kutokana na vipande vilivyobaki. Watafiti wameona kwamba kadiri umri unavyosonga, kiwango cha NAD hushuka kwenye baadhi ya tishu, na panya waliopandishiwa kiwango hicho wamefanya vizuri katika vipimo kadhaa. Matumaini yalianzia hapo, na mimi siyadharau.

Tatizo ni njia. NAD ni molekuli kubwa yenye chaji ya umeme, na utando wa seli umetengenezwa kwa mafuta. Ikimiminwa kwenye damu, sehemu kubwa haiingii kwenye seli ikiwa nzima. Vimeng'enya vilivyo nje ya seli huikatakata, vipande vidogo ndivyo huingia, na seli huanza kujenga NAD yake yenyewe. Miongoni mwa vipande hivyo ni nikotinamidi, ambayo ni aina mojawapo ya vitamini B3. Kidonge chake kipo kwenye rafu yangu, na bei yake haimtishi mtu.

Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio dogo la wanaume 11. Wanane walitundikiwa miligramu 750 za NAD kwa saa sita. Kwa saa mbili za mwanzo kiwango cha NAD kwenye maji ya damu yao hakikupanda hata kidogo, ingawa dawa ilikuwa inaingia muda wote; kilipanda baadaye. Jaribio lile lilitaka kujua NAD inakwenda wapi, na halikupima kama watu walipata nguvu au walichelewa kuzeeka. Hata zamani, mwaka 1961, Paul O'Hollaren wa Seattle alipoandika kuhusu kuwatibu walevi na waraibu wa dawa za kulevya kwa dripu hii, hakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Hakuna jaribio kubwa lililothibitisha kwamba dripu ya NAD huongeza nguvu kwa mtu mwenye afya au hupunguza kasi ya uzee, na mamlaka ya dawa ya Marekani haijaiidhinisha kama dawa kwa kazi hiyo.

Kwa nini kikao kinachukua saa nyingi? Fungua kile kigurudumu cha mpira wa dripu zaidi kidogo, utaona. Matone yakiharakishwa, kifua kinabana, tumbo linasokota, kichefuchefu kinapanda, wengine kichwa kinagonga. Muuguzi akipunguza matone, hali inatulia. Nimesikia watu wakiambiwa kwamba hiyo ni dalili ya dawa kufanya kazi. Inaniumiza kusikia hivyo. Mwili unaolalamika usikilizwe.

Na mshipa hauna mlinzi. Kinachopita mdomoni hukutana na asidi ya tumbo, utumbo na ini kabla ya kuenea mwilini. Kinachopita mshipani kimeshafika. Kikiwa na bakteria au sumu zake, homa na kutetemeka vinaweza kuanza mgonjwa akiwa bado kitini. Unga uliotengenezwa kwa ajili ya vidonge haugeuki dawa ya sindano kwa kuchanganywa na maji.

Najua ninagusa imani kubwa. Kwetu mgonjwa asiyetundikiwa dripu ndugu zake huona hajatibiwa, na imani hiyo haikuzuka hewani: dripu imerudisha watu waliokuwa wamekauka kwa kipindupindu, nimewaona. Ila heshima ile tuliyoipa kwa haki ndiyo inayouzwa sasa kwenye kiti cha ngozi.

Upungufu halisi wa malighafi ya NAD una jina: pelagra. Ngozi inayopigwa na jua huwa nyeusi na kukwaruza, shingoni kama mkufu. Kuhara hufuata, kisha akili kuvurugika. Huwapata zaidi wanaokula mahindi karibu peke yake, kwa sababu vitamini B3 ya mahindi imefungwa kiasi kwamba utumbo hauifikii. Watu wa Mexico waliifungua tangu kale kwa kuchemsha mahindi yao na chokaa. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua kwa maelfu baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao. Tiba yake ni vidonge na chakula. Wanaotumia isoniazidi kwa kifua kikuu nao waangaliwe, maana dawa hiyo inaweza kuchochea pelagra.

Mwanaume mzima anahitaji miligramu 16 za vitamini hiyo kwa siku. Gramu 100 za karanga zina kama 12. Ongeza dagaa, kuku, au maini. Na utafiti wa Maastricht wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wazee waliotembea sana kila siku walikuwa na NAD nyingi zaidi kwenye misuli kuliko wazee waliokaa tu.

Lakini Mwalimu alikuwa anatembea na anakula dagaa. Ndiyo maana nilimuuliza swali ambalo video haikumuuliza: anameza nini? Diklofenaki, akasema, mbili kwa siku, za magoti, mwezi wa nne huo, akinunua popote alipopita.

"Na choo kikoje, Mwalimu?"

Akapunguza sauti. "Cheusi. Nilidhani ni mchicha."

Nikamwandikia barua ya hospitali palepale. Wingi wa damu ulikuwa 7.8, na kamera ikaonyesha vidonda viwili tumboni. Juzi amekuja kuchukua dawa zake za tumbo na za kuongeza damu. Zile ngazi saba alizipanda bila kusimama.