Steringi amekufa, na sinema ndiyo kwanza inaanza

Wale waliokulia katika mabanda ya video, iwe Makambako pale njia panda au Njombe mjini, wanaijua sheria moja ambayo haikuandikwa popote: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini hafi. Juma hili nataka tuzungumzie sinema iliyovunja sheria hiyo katika dakika zake za kwanza kabisa, na bado ikastahili kutazamwa mpaka mwisho. Inaitwa “Black Panther: Wakanda Forever”. Ilitoka mwezi Novemba 2022, nayo ni sehemu ya pili ya “Black Panther” ya mwaka 2018.

Najua wapo watakaoguna. Sinema za mashujaa wenye nguvu za ajabu zimekuwa nyingi mno, na sehemu ya pili mara nyingi huwa ni biashara tu. Watu wa Njombe wanaolima chai watanielewa nikisema kwamba sehemu ya pili ya sinema nyingi ni kama majani ya chai yaliyokwisha kupikwa jana: maji ni ya moto, sukari ipo, lakini rangi haitoki. Adui anakuwa mkubwa zaidi, milipuko inakuwa mingi zaidi, na hadithi inabaki ileile. Kwa nini basi hii iwe tofauti?

Sababu ya kwanza ni kifo, na hapa nazungumzia kifo cha kweli. Chadwick Boseman, aliyecheza nafasi ya Mfalme T’Challa wa nchi ya kubuni ya Wakanda, alifariki dunia tarehe 28 Agosti 2020 akiwa na umri wa miaka 43. Alikuwa na saratani ya utumbo mpana iliyogunduliwa mwaka 2016, yaani kabla ya ile sinema ya kwanza kutoka. Alifanya kazi miaka yote hiyo akiwa mgonjwa, na umma haukujua. Mwongozaji, Ryan Coogler, na kampuni yake walikuwa na njia nyepesi: kumtafuta mwigizaji mwingine, kumvika lile vazi jeusi na kuendelea kama kwamba hakuna lililotokea. Hawakufanya hivyo. Waliamua kwamba mfalme naye afe.

Kwa hiyo hadithi inafunguka T’Challa akiwa katika hali mbaya kwa maradhi, na dada yake Shuri, bingwa wa sayansi, akihangaika maabara kutafuta dawa. Dawa haipatikani. Yule binti aliyekuwa akitengeneza kila kitu anashindwa kitu kimoja tu, kumponya kaka yake. Tunapoona majonzi katika nyuso za waigizaji, tukumbuke kwamba hawa walikuwa wafiwa hasa, wanamlilia mwenzao waliyefanya naye kazi.

Mwaka mmoja unapita. Malkia Ramonda, mama wa marehemu, anamchukua Shuri porini ili wachome nguo nyeupe walizovaa msibani, ikiwa ni alama ya kumaliza maombolezo. Sisi tungesema kuanua matanga. Shuri anakataa. Anamwambia mama yake kwamba akianza kumfikiria kaka yake, atatamani kuichoma dunia nzima. Kuanzia hapo sinema inauliza swali moja: mtu aliyefiwa akikataa kulia, ile hasira inakwenda wapi?

Swali hili si geni kwa Njombe na Makambako. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba mkoa wa Njombe ndio ulioongoza nchini kwa kiwango cha maambukizi ya Virusi vya UKIMWI, asilimia 12.7 ya watu wazima. Dawa za kufubaza virusi zimeokoa maisha ya wengi, nalo ni jambo la kushukuru. Lakini wapo vijana waliozika baba au mama walipokuwa wadogo, wakaambiwa wanyamaze wasiulize ugonjwa gani, na tangu hapo hawakuulizwa tena wanajisikiaje. Vijana wa namna hiyo watamtambua Shuri bila kutafsiriwa. Sinema haiwapi hotuba. Inawaonyesha tu binti mwenye akili nyingi anayejifungia kazini ili asikumbuke, halafu inawaonyesha gharama yake.

Sababu ya pili ni adui. Anaitwa Namor, mtawala wa Talokan, taifa lililojificha chini ya bahari. Watu wake ni wazao wa Wamaya wa Mexico waliokimbia utumwa wa Wahispania na ndui katika karne ya 16. Namor hataki dhahabu wala kutawala dunia. Anataka watu wake waachwe. Ukimsikiliza kwa makini, utaona kwamba madai yake ni yaleyale ya Wakanda. Adui mwovu ni rahisi kumchukia. Adui mwenye haki ndiye mgumu. Na hapo ndipo wahenga wanapoingia: vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mataifa mawili yaliyonusurika ukoloni yanakaribia kuangamizana, na mataifa makubwa yako pembeni yanasubiri.

Yanasubiri nini? Ndiyo sababu ya tatu, nayo ni madini. Wakanda ina madini ya kubuni yaitwayo vibranium, yenye nguvu kuliko chuma chochote. Baada ya mfalme kufa, wakubwa wa dunia wanadhani nyumba imebaki haina mwenyewe. Wanatuma watu wenye silaha kuvamia kituo cha Wakanda huko Mali, na wanapeleka mtambo baharini kutafuta madini hayo kwingineko. Wanayafanya haya huku kwenye mikutano wakizungumza lugha ya urafiki.

Msikilizaji wa Njombe hahitaji kwenda mbali kulielewa hili. Wilayani Ludewa, katika mkoa huohuo, iko milima ya Liganga yenye chuma, na jirani yake makaa ya mawe ya Mchuchuma. Makadirio yaliyotajwa kwa miaka mingi ni tani milioni 126 za chuma na tani milioni 428 za makaa. Ndani ya chuma hicho mna titani na vanadi, na vanadi, tofauti na ile vibranium, ni madini ya kweli yanayoongeza ugumu wa chuma cha pua. Mkataba wa Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Kichina ulitiwa saini mwaka 2011, na zaidi ya miaka kumi ikapita bila tanuru kuwashwa. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2017, Bunge lilipitisha sheria za kulinda mali asili, na Serikali ikajiwekea hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa.

Sisemi kwamba Ludewa ni Wakanda. Wakanda iliyachimba madini yake yenyewe, ikayafanyia kazi yenyewe, ikajenga treni na hospitali. Hilo ndilo linalotuuma tunapoitazama, na pia ndilo linalofaa kutufikirisha: kuwa na mali ardhini ni jambo moja, kuwa na ujuzi wa kuitumia na umoja wa kuilinda ni jambo jingine.

Kuna raha nyingine pia. Afrika Mashariki imo. Lupita Nyong’o, Mkenya, anarudi katika nafasi ya Nakia, na Florence Kasumba, aliyezaliwa Kampala, yumo miongoni mwa wanawake walinzi. Lugha inayosikika Wakanda ni Kixhosa cha Afrika Kusini. Mavazi yalimpatia Ruth Carter tuzo ya Oscar mwaka 2023, ya pili kwake baada ya ile aliyoipata kwa sinema ya kwanza. Na Angela Bassett, aliyecheza Malkia Ramonda, anatawala kila chumba anachoingia.

Kasoro zipo. Sinema ni ndefu, saa mbili na dakika 41. Ukiianza ndani ya basi linapoondoka Makambako kwenda Songea, utafika Njombe mjini hadithi haijafika hata katikati. Zile sehemu za chini ya maji ni za giza, na katika skrini ndogo ya simu hutaona kitu. Mwanafunzi wa Kimarekani aliyeunda mtambo wa kutafutia madini amepewa muda mrefu kuliko uzito wake katika hadithi. Watoto wadogo nao wabaki nyumbani, kwa maana mapigano ni makali na msiba ni mzito.

Nina neno moja kwa wakalimani wa sinema, warithi wa kazi ya Lufufu aliyewafanya Watanzania waielewe “Titanic” kwa Kiswahili. Ninyi mmewasaidia wengi. Lakini katika sinema hii, pale mwanzoni nembo ya kampuni inapita bila muziki wowote, na picha zilizomo ndani yake zote ni za marehemu Boseman. Tafadhali, hapo nyamazeni. Ule ukimya ndiyo maneno yenyewe.

Anayetaka kuitazama vizuri aanze na ile ya 2018, maana bila kumpenda T’Challa huwezi kuuhisi msiba wake. Atafute skrini kubwa na sauti ya kutosha, na kama ni usiku wa baridi ya Njombe ya mwezi wa Julai, asisahau koti. Majina yakianza kupita mwishoni asiinuke upesi, kuna jambo dogo bado limebaki, na jambo hilo ndilo linalomaliza matanga.

Je, Shuri analipiza kisasi? Hilo sitawaambia. Nitasema tu kwamba jibu lake linafaa kuzungumzwa nyumbani, baina ya mzazi na kijana wake, televisheni ikiwa imekwisha kuzimwa.