Bariadi Ina Watu Wangapi?

Fungua kitabu cha sensa ya mwaka 2002, utakuta wilaya ya Bariadi ina watu zaidi ya 605,000. Fungua cha 2012, wilaya hiyohiyo ina watu 422,916. Asiyeijua Usukuma atadhani hapo katikati ulipita msiba mkubwa. Haukupita. Kilichotokea ni kwamba serikali ilimega upande mmoja wa Bariadi ukawa wilaya ya Itilima, nayo ikaondoka na watu wake 313,900. Ukizijumlisha wilaya hizo mbili unapata 736,816, yaani watu wameongezeka kwa zaidi ya 130,000.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu maofisini na vyombo vya habari hunukuu idadi ya watu wa Bariadi bila kutaja ni Bariadi ipi. Zipo kadhaa. Ipo wilaya ya zamani, ipo wilaya ya sasa, na ndani ya hiyo ya sasa zimo halmashauri mbili, ya wilaya na ya mji. Kila moja ina takwimu zake.

Mipaka ya huku imekuwa ikimegwa tangu zamani. Wakati wa Waingereza nchi yote hii, pamoja na tawala za watemi wa Ntuzu, Itilima, Kanadi, Kimali na Meatu, ilikuwa sehemu ya wilaya moja, Maswa. Baadaye Bariadi ikatolewa Maswa, kisha Meatu nayo ikatolewa, zote zikabaki mkoa wa Shinyanga. Mwaka 2012 ukazaliwa mkoa wa Simiyu kwa kuziunganisha Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, pamoja na Busega iliyochukuliwa kutoka Magu, mkoani Mwanza. Bariadi ikawa makao makuu. Itilima na Meatu zimebaki na majina ya tawala za zamani. Ntuzu halikupata bahati hiyo kwenye ramani ya wilaya, ingawa wenyeji wa Bariadi hadi leo hujiita Wanyantuzu.

Sasa mji wenyewe. Eneo la Halmashauri ya Mji wa Bariadi lilihesabiwa kuwa na watu 155,620 mwaka 2012. Ni wengi, lakini usiwaze majengo na lami tupu. Ukitoka katikati ya mji kuelekea Nyakabindi, ambako maonesho ya Nane Nane yalifanyika kitaifa kuanzia 2018, unapita mashamba na ng'ombe wakiwa malishoni, na bado uko ndani ya mji. Mkulima wa pamba na choroko anahesabiwa mtu wa mjini kwa sababu mpaka wa halmashauri umempitia kwa nyuma. Wamarekani, ambao wamekuwa wakifanya sensa kila baada ya miaka 10 tangu 1790, wana kawaida katika baadhi ya majimbo ya kuandika idadi ya watu kwenye kibao pale mji unapoanzia, hata kama ni mia chache tu. Huko nako mji ukimeza vitongoji vya jirani, idadi hupanda bila mtoto hata mmoja kuzaliwa. Mpaka wa mji huchorwa na utawala, na makarani wa sensa huufuata kama walivyoukuta.

Tuache mipaka, twende kwa watu, maana hapo ndipo Simiyu inapotofautiana na kwingine. Mwaka 2012 kaya ya kawaida nchini ilikuwa na wastani wa watu 4.7. Simiyu ilikuwa na 6.9. Anayelima kwa plau ya kukokotwa na ng'ombe anajua sababu mojawapo: ng'ombe hulima eneo kubwa kwa muda mfupi, lakini hawapalilii wala hawachumi pamba. Kazi hiyo inataka mikono, na kuna mifugo ya kuchungwa na maji ya kuchotwa mbali. Mwana akioa, mara nyingi hukaa kwanza kwa baba yake na nguvu zake zikabaki hapo.

Kwa kaya za ukubwa huo ungetarajia mkoa huu uongoze kwa kuongezeka kwa watu. Haukuongoza. Kati ya 2002 na 2012 eneo la Simiyu lilikua kwa asilimia 1.8 kwa mwaka, wakati taifa lilikua kwa asilimia 2.7. Watoto wanazaliwa kwa wingi, idadi inapanda polepole. Kwa mtu wa takwimu maelezo hayako mengi: ama vifo vimezidi mno, ama watu wanaondoka.

Wanaondoka. Sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, si pale alipozaliwa. Mfugaji aliyehamishia mifugo bonde la Usangu, Rukwa, Katavi au Kilombero anahesabiwa hukohuko, pamoja na wake na watoto wake. Kijana aliyefuata dhahabu Geita ni mtu wa Geita. Ndiyo maana Simiyu ya 2012 ilikuwa na wanawake 824,266 na wanaume 759,891, pungufu ya wanaume 64,375. Kwa kila wanawake 100 palikuwa na wanaume 92. Kitaifa walikuwa 95. Familia inapohama yote uwiano haubadiliki sana, kwa hiyo pengo hilo lina alama ya vijana wa kiume waliotangulia peke yao.

Kisha ikaja sensa ya Agosti 2022. Simiyu ikafikisha watu 2,140,497 kutoka 1,584,157. Hilo ni ongezeko la asilimia 3.0 kwa mwaka, karibu sawa na la taifa, asilimia 3.2. Mkoa uliokuwa nyuma sana umeshika kasi ya wenzake.

Wapo watakaosema ni matunda ya mkoa mpya: ofisi, watumishi, lami ya kilomita 71.8 kutoka Lamadi hadi Bariadi. Imesaidia, sikatai, lakini watumishi wa ofisi za mkoa hawawezi kuinua idadi ya watu zaidi ya milioni moja na nusu kwa kiasi hicho. Mimi naangalia zaidi upande wa pili, kule watu walikokuwa wakienda. Wafugaji waliondolewa Ihefu, kwenye bonde la Usangu, mwaka 2006 na 2007, na bonde la Kilombero likafuata mwaka 2012. Milango ya kusini ilipoanza kufungwa, wengi waliokuwa na nia ya kuhama walibaki, na watoto wao wakaandikwa Simiyu.

Ardhi ya kuwapokea haijaongezeka. Kaskazini-magharibi ni Ziwa Victoria. Mashariki ni Pori la Akiba la Maswa na nyuma yake Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambako kulima na kuchunga ni kosa. Shamba la baba wa kaya ya watu saba, likigawanywa kwa wana wake, halimtoshi mmoja wao kulima pamba kama alivyolima mzee. Anayekosa shamba na asiyeweza kwenda Usangu anakwenda kununua kiwanja Somanda au Malambo, ndani ya mji wa Bariadi, na kuendesha bodaboda. Huyo ndiye anayetakiwa kuwemo kwenye hesabu za mabomba ya maji na vyumba vya madarasa vya mji huo.