Je, Wajua? Mlinzi wa Seahawks aliyezaliwa Nairobi

Je, wajua kwamba mzaliwa wa Nairobi amewahi kuwa mlinzi wa mstari wa mbele wa Seattle Seahawks katika futiboli ya Marekani? Ni Rees Odhiambo, aliyezaliwa mwaka 1992. Alikulia Texas, akachezea Chuo Kikuu cha Boise State, na mwaka 2016 Seahawks wakamchagua katika raundi ya 3 ya uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi, akiwa mchezaji wa 97 kuchaguliwa.

Kwetu Kahe ukitaja mpira, ni wa miguu, hivyo kazi yake yahitaji maelezo. Walinzi wa mstari huo ni watano. Kwa kawaida hawaruhusiwi hata kudaka pasi. Humkinga mrushaji wa pasi na kumfungulia njia mkimbiaji mwenye mpira, basi. Msimu wa 2017 Odhiambo alipangwa kushoto, mahali pagumu kuliko pote, kwa kuwa mrushaji anayetumia mkono wa kulia huwa ameupa mgongo upande huo. Mpinzani akipenya hapo, mrushaji hamwoni.

Wala si lazima mlinzi atoke chuo kikubwa. Ali Marpet alisoma Hobart, chuo kidogo cha jimbo la New York, katika daraja la tatu la michezo ya vyuo, ambalo halitoi ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo. Mwaka 2015 Tampa Bay Buccaneers walimchagua akiwa wa 61, nafasi ya juu kuliko mchezaji yeyote wa daraja hilo kabla yake. Februari 2021 alitwaa Super Bowl, fainali ya ligi, akimlinda mrushaji Tom Brady. Marpet alistaafu mwaka 2022, akiwa na miaka 28 tu.