Mnana Aliyeonekana Mbali na Matete



Katika bonde letu la Kilombero yuko ndege mdogo wa jamaa ya mnana, ambaye dume lake ni la manjano, uso na koo nyeusi. Makao yake ni matete ya mto huu, wala hajulikani kukaa mahali pengine po pote duniani. Mwaka 1986 Bwana Eric Burnier alimwona karibu na kivuko cha mto, katika njia ya Ifakara kwenda Mahenge. Hata mwaka 1990 ndege akaandikwa katika vitabu vya wataalamu, akapewa jina la Bwana huyo. Baba zetu walivuka hapo tangu zamani, lakini hapana aliyemwandika.

Juzi mwanafunzi mmoja aliniambia darasani ya kuwa amemwona mnana huyo kijijini kwao, chini ya milima, mwendo wa saa tatu toka mtoni. Nami naungama kosa langu: nilifungua kinywa kumkaripia kama mwongo, maana nilijua makao ya ndege huyu. Kisha nikajizuia, nikamwuliza: Siku gani? Saa ngapi? Utosi wake rangi gani? Akajibu yote. Nilipouliza rangi ya macho, alisema, "Mwalimu, macho sikuyaona."

Neno hilo lilinishinda. Mwongo angalitaja rangi. Tukaandika pamoja siku, mahali, alama alizoziona, na ile asiyoiona. Kesho yake tulikwenda huko, tukakuta minana wenye kichwa cheusi na macho mekundu, ndio wale wa kila kijiji, yule hatukumwona. Basi hatukuandika kwamba ndiye, wala kwamba siye. Tuliandika yaliyoonekana, tukaacha nafasi kwa shahidi wa pili.

Enyi wazazi na walimu, amri ya nane twaifundisha kila mwaka; basi na tuwasikilize watoto kabla ya kuwahukumu. Mtoto akiona ndege mgeni, asimpige kwa manati, bali aandike. Tena matete yakifyekwa kwa ajili ya mashamba, ndege wa mtoni atatafuta pa kwenda. Nani atajua alikokwenda, kama hapana aliyeandika?