Mtu Anapojisahau Mwenyewe

Alfajiri ya Machi 14, 1887, mjini Norristown, Pennsylvania, muuza duka mmoja mpole aliamka kwa hofu, akawaita watu wa nyumba ile na kuwauliza yuko wapi. Wao walimjua kama A. J. Brown, muuza peremende, matunda na karatasi za kuandikia. Yeye akashikilia kwamba ni Ansel Bourne, mhubiri wa Rhode Island, kwamba biashara ya duka haijui kabisa, na kwamba jana tu alitoka kuchukua fedha zake benki, mjini Providence. "Jana" hiyo ilikuwa Januari 17.

Wakadhani amerukwa na akili. Mwaka 1890 mwanasaikolojia William James alimtia katika usingizi wa hipnosia, na Brown akajitokeza tena, akasimulia zile wiki zilizopotea. Alipokutanishwa na mke wa Bourne, Brown alisema hajawahi kumwona.

Leo hali hii huitwa amnesia disosiativu: akili hufungia nje kumbukumbu za maisha ya mtu, kwa kawaida baada ya mshtuko au msongo mzito. Kuhama mji kama Bourne ni nadra. Mara nyingi kinachopotea ni kipande tu, yaani saa, siku au miezi inayozunguka vita, ubakaji au ajali. Wengine hukumbuka nusu ya tukio, nusu nyingine haipo. Wachache mno husahau hata jina lao. Na mgonjwa huenda asijue kuwa ana pengo mpaka ndugu waanze kumuuliza: ulikuwa wapi wiki ile?

Kwangu mimi, dalili yenye kufundisha zaidi ni kile kinachobaki. Brown alijipikia, alihudhuria kanisa, alikwenda Philadelphia kuchukua mali ya duka na kurudi salama. Ujuzi wote ulikuwepo. Aliyekosekana ni mwenyewe. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau huwa kinyume chake: mwanzoni jina lake analijua vizuri, lakini swali ulilomjibu sasa hivi atakuuliza tena.

Tofauti hiyo isikufanye daktari wa nyumbani. Kifafa, sukari kushuka, pombe, malaria kali na jeraha la kichwa vyote huvuruga kumbukumbu, na baadhi huua haraka. Aliyesahau ghafla apelekwe hospitali kwanza, apimwe. Neno "anajifanya" (na husemwa upesi sana) lisitangulie vipimo.

Hakuna kidonge cha kurudisha kumbukumbu hizi. Tiba ni usalama, utulivu na mazungumzo na mtaalamu, bila kumlazimisha mtu akumbuke. Kumbukumbu zinaweza kurudi polepole au kwa mkupuo, pamoja na uchungu uliozifukuza, na hapo ndipo hatari ya kujiua hupanda. Ndugu wengi hushangilia siku hiyo na kumwacha mgonjwa apumzike peke yake. Asiachwe.