Sura ya alfajiri na mizani ya mchana: Urithi wa Gahini kwa wavuka mipaka

Alfajiri mpakani Katuna, kabla foleni ya malori haijachangamka, si ajabu kusikia simu ikisoma Biblia kwa sauti. Dereva amejilaza, tingo anapasha chai, Zaburi inaendelea. Kwa wengi usomaji huo ni kinga ya safari: sura moja, sala fupi, gari lisiharibike na mzigo usikamatwe. Kuombea safari si kosa. Lakini mtu akisoma hivyo miaka kumi, na gunia analonunua kwa mkulima bado ni lumbesa, na risiti anayomwonyesha ofisa wa forodha bado si ile aliyolipia, neno analosoma limeishia wapi?

Swali hilo lina historia ndefu katika ukanda huu, na historia yenyewe iko barabarani. Lori linalotoka Rusumo likifika Kayonza, wengi hukata kwenda Kigali. Anayeendelea kaskazini kuelekea Kagitumba hupita Gahini, kando ya ziwa Muhazi, penye hospitali iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana. Mwaka 1929 daktari wa hospitali hiyo, Mwingereza Joe Church, akiwa amechoka na karibu kukata tamaa, alikutana Namirembe, Kampala, na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Wawili hao walikaa na Biblia wakiifuatilia mada moja baada ya nyingine na kuomba pamoja. Hawakuwa na mkutano mkubwa wala vipaza sauti.

Kilichofuata kilianzia kwa wafanyakazi. Yosiya Kinuka, aliyekuwa kiongozi wa watumishi wa hospitali ya Gahini, alikuwa anataka kuacha kazi. Alikwenda Kampala kwa Nsibambi na malalamiko yake kuhusu hali ya hospitali. Badala ya kupewa pole, aliambiwa aanze kuitazama dhambi iliyo moyoni mwake. Alirudi Rwanda mtu mwingine. Kwa msomaji wa gazeti hili safari hiyo inaeleweka vizuri: mtu kavuka mpaka na mzigo mmoja, karudi na mwingine.

Miaka ya 1930 uamsho huo ulienea Uganda, Burundi, Kenya, Tanganyika na Kongo, miongo mitatu kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967. Mwaka 1935 ulifanyika mkutano mkubwa Kabale, mji ambao kila anayepita Katuna anaujua. Hata neno "mlokole", ambalo Waswahili hulitumia leo kwa heshima au kwa dhihaka, limetoka kwenye Kiganda, kwa maana ya mtu aliyeokoka. Lilivuka mpaka bila pasi.

Alama ya watu hao ilikuwa matendo yaliyofuata baada ya kusoma. Walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni ya zamani, wakaombana radhi hadharani, Mwafrika na Mzungu. Hawakupendwa na kila mtu. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha teolojia cha Mukono, akiwamo William Nagenda, walifukuzwa. Sababu mojawapo ni kukataa kuacha ibada zao za kabla ya mapambazuko. Na ni kweli pia kwamba toba ya hadharani iliweza kugeuka shinikizo, mtu akalazimika kutaja dhambi ili aonekane ni ndugu.

Kuna jambo zito zaidi. Rwanda, mahali uamsho ulipochipuka, ndiko yalikotokea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na watu wengi waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia. Nchi iliyokuwa na Biblia karibu kila kijiji. Anayedhani wingi wa sura zilizosomwa unatosha kumbadili mtu hana budi kulitazama hilo bila kugeuza uso.

Kwa mfanyabiashara, muda wa kusoma upo kuliko anavyodhani. Agano Jipya lina sura 260. Sura moja kila siku ya kazi, siku tano kwa wiki, humalizika kwa wiki 52 kamili, na wikiendi inabaki kwa ibada na familia. Mithali ina sura 31, hivyo wapo wanaofuata tarehe: leo tarehe 9, sura ya 9. Anayevuka Rusumo kwenda Rwanda hurudisha saa nyuma kwa saa moja. Basi saa hiyo ya bure anayo.

Ugumu uko katika kusoma kama mfanyabiashara. Nabii Amosi anawataja wauza nafaka waliokuwa wanaona Sabato inachelewa kuisha ili wakapunguze kipimo na kupandisha bei. Mambo ya Walawi, sura ya 19, ina mpangilio unaopaswa kumgusa kila anayeuza nje ya nchi yake: aya za kutomdhulumu mgeni zinafuatwa papo hapo na aya za mizani na vipimo vya haki. Mgeni na mizani, bega kwa bega. Anayempunja Mrundi kwa sababu hajui bei ya Kigoma hawezi kusema kitabu chake kilinyamaza.

Panapowakwamisha wengi ni kurudisha. Zakayo, mtoza ushuru, aliahidi kulipa mara nne. Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, kinadai alichodhulumiwa mtu chote pamoja na sehemu ya tano juu yake, na kinaeleza pa kupeleka malipo iwapo aliyedhulumiwa hayupo tena na hana ndugu. Mteja wa Goma aliyepimiwa pungufu mwaka juzi huenda asipatikane kabisa. Ushuru uliokwepwa una ofisi inayojulikana, ingawa kuingia hapo kunatisha kwa sababu ya faini. Deni lenye jina ndilo jepesi kuanza nalo, na daftari la mchuuzi wa mpakani mara nyingi lina majina hayo, kurasa za nyuma.