Nyumba Inayotembea, Njia Panda ya Makambako

Jua likizama Makambako, malori yaliyotoka bandarini Dar es Salaam, pamoja na yale yanayorudi kutoka Zambia na Kongo, huanza kujipanga kando ya barabara kuu. Madereva wengi hawaulizi bei ya gesti. Wanakula kwa mama lishe, wanakagua kamba za turubai, kisha wanapanda kabini, wanavuta pazia na kujifunika blanketi zito, kwani upepo wa mji huu hauna huruma. Mara mojamoja, katikati ya malori hayo, hutokea gari la aina nyingine: Land Cruiser lenye hema juu ya paa, au lori dogo kutoka Ulaya lililojengewa chumba nyuma, lenye madirisha ya pazia na baiskeli zilizofungwa mgongoni. Wenye gari hilo nao hawatafuti gesti. Wanaishi humo humo.

Gari-nyumba ni gari lenye kitanda, jiko, tangi la maji na friji ndogo, na mara nyingi choo na bafu. Huko Ulaya, Marekani na Australia ni biashara kubwa. Volkswagen walianza kuunda basi lao dogo mwaka 1950, na mwaka uliofuata karakana ya Westfalia ikaanza kulitengenezea vitanda na makabati. Marekani, kampuni ya Winnebago ya jimbo la Iowa iliingia katika kazi hiyo mwaka 1966, na jina lake likazoeleka hata kwa wasiomiliki gari lolote. Tanzania wanaomiliki magari hayo ni wachache. Lakini maisha yenyewe, ya kulala, kupika na kufua ndani na pembeni ya gari, yana wenyewe hapa kwa zaidi ya nusu karne. Anayetaka kujua raha na karaha zake katika Nyanda za Juu Kusini awaulize madereva wa malori.

Historia yao ilianza na siasa. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru, na Zambia ikajikuta njia yake ya kusini kuelekea baharini imeingia mashakani. Mafuta yakalazimika kusafirishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, kwa barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya vumbi. Masika ilipoingia iligeuka tope, malori yakakwama kwa siku nyingi, na wageni wakaiita njia ya jehanamu. Baadaye likaja bomba la mafuta la TAZAMA mwaka 1968, ikaja lami, na kati ya mwaka 1970 na 1975 ikajengwa reli ya TAZARA yenye kilomita 1,860. Kipande cha Mlimba hadi Makambako, chenye mahandaki na madaraja mengi ya milimani, kiliwatesa wajenzi kuliko vingine vyote. Hapo ndipo Makambako ilipokuwa njia panda kamili: stesheni ya reli, lami ya kwenda Tunduma, na barabara inayokata kusini kuelekea Njombe na Songea.

Kabini ya lori la masafa marefu ina kitanda nyuma ya viti, chenye upana wa kumtosha mtu mmoja. Nyingine zina cha pili juu, kinachokunjwa mchana. Nguo zinatundikwa nyuma ya kiti cha utingo. Chini ya tela kuna sanduku la chuma, na humo ndimo jikoni: mtungi mdogo wa gesi, sufuria mbili tatu, unga, vitunguu, chumvi, mafuta ya kupikia kwenye chupa iliyokuwa ya maji. Mlango wa sanduku ukifunguliwa unalala wazi na kuwa meza. Dumu la lita 20 limefungwa kwa mpira karibu na tangi la dizeli. Utingo anapokata nyanya, dereva anazunguka na rungu akigonga tairi moja baada ya jingine, akisikiliza mlio ili ajue lipi limepungua upepo.

Ukilinganisha na gari-nyumba la kifahari la Ulaya, kinachokosekana hapo ni bafu, choo na friji. Mengine yote yapo.

Raha ya kwanza ya kulala garini ni fedha. Dereva asiyelala gesti hubaki na posho yake, na posho hiyo inalipa ada za watoto na kununua bati za nyumba anayojenga kwao. Mtalii naye hupata nafuu ya aina hiyo hiyo: akishanunua gari, kila usiku anaolala humo haulipii chumba.

Raha ya pili ni kutotawaliwa na saa. Kutoka Makambako hadi Njombe ni kilomita zipatazo 60 tu, lakini ni mwendo unaostahili siku nzima. Barabara inapanda polepole, hewa inapoa, misonobari inasimama kwa safu, na pembeni wauzaji wamepanga viazi mviringo kwenye ndoo. Mwenye gari-nyumba anasimama apendapo. Akinunua viazi anavipika hapo hapo. Maparachichi yakiwa mabichi anayaweka kabatini yaivie safarini. Akifika mjini ataongeza jibini inayotengenezwa Njombe kwenyewe. Atapita mashamba ya miti na chai ya TANWAT, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya miwati, na kutazama maporomoko ya Luhuji yaliyo jirani kabisa na mji. Hakuna mhudumu atakayemgongea mlango saa nne asubuhi akitaka ufunguo.

Wako waliofanya hivyo kwa miongo. Mjerumani Gunther Holtorf alianza safari mwaka 1989 akiwa na Mercedes aliyoiita Otto, na mizunguko yake ya kwanza ilikuwa barani Afrika. Alikuja kupumzika mwaka 2014, gari likiwa limetembea karibu kilomita 900,000. Yeye na mkewe Christine walilala kwenye godoro nyuma ya viti na kupika wenyewe. Siri yao kubwa ilikuwa gari lisilo na elektroniki nyingi, ambalo Holtorf aliweza kulitengeneza kwa mikono yake.

Nyanda za Juu Kusini, hata hivyo, humpima mwenye gari kwa namna yake, na kipimo cha kwanza ni baridi. Mji wa Njombe uko kwenye mwinuko unaokaribia mita 2,000. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na kule Makete sakitu huanguka hadi viazi vikaungua shambani. Kwenye mwinuko huo maji huchemka yakiwa na nyuzi joto 93 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage yanachukua muda mrefu zaidi kuiva na gesi inaisha mapema. Mitungi ya nyumbani ina mchanganyiko wa propeni na buteni; buteni haigeuki mvuke vizuri joto linapokaribia sifuri, hivyo moto unaweza kufifia alfajiri, wakati chai inapohitajika kuliko saa nyingine yoyote. Watu wakilala madirisha yamefungwa, pumzi zao hugeuka matone ukutani na godoro linaamka na unyevu. Dawa yake ni kuacha upenyo wa hewa, hata kama baridi itaingia kidogo.

Hapa pana jambo la kufa na kupona. Njombe ina desturi ya kuota moto wa jiko la mkaa nyakati za kipupwe, na kishawishi cha kuliingiza jiko hilo kwenye kabini au gari-nyumba ni kikubwa. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba kidogo kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini. Jiko la mkaa halina nafasi ndani ya gari, liwe linawaka au limebaki makaa mekundu. Blanketi mbili, soksi za sufu na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuwekwa miguuni vinatosha.

Karaha ya pili ni maji na choo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 100 ni kilo 100 za kupandisha kila mlima. Ulaya vipo vituo ambako msafiri anajaza maji safi na kumwaga ya choo mahali palipoandaliwa. Kwenye barabara ya Makambako hadi Songea hutegemea hisani ya vituo vya mafuta, nyumba za wageni za makanisa na wenye uwanja. Choo cha gari kina dawa za kemikali, na kukimwaga kwenye mto au shamba la watu ni kuwadhulumu wenyeji wanaokunywa maji hayo. Msafiri mwenye adabu huomba ruhusa, hulipia, na humwaga kwenye choo cha shimo au cha maji kilicho imara.

Kisha wapo mafundi na spea. Gereji za Makambako na Njombe zinazijua Fuso, Hiace, Coaster, Land Cruiser na Scania ndani na nje. Magari-nyumba mengi ya Ulaya yamejengwa juu ya Fiat Ducato, na spea yake ikikosekana huenda ikaagizwa Dar es Salaam au ng'ambo, huku nyumba nzima ikiwa imeinuliwa kwenye jeki. Ndiyo sababu wanaojenga gari la namna hii nchini wanashauriwa kuanza na Hiace au Coaster: kuondoa viti, kuweka kitanda cha mbao za misonobari ambazo Njombe inazo tele, betri ya pili ya taa na friji, na paneli ya sola juu ya paa. Anayeagiza gari lililokwisha tengenezwa ajiandae kwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, pamoja na ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini na umri wa gari.

Uzito nao una sheria yake. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, iliyoanza kutekelezwa Tanzania mwaka 2019, inahusu magari ya kuanzia tani 3.5, na kikomo chake ni tani 56. Gari-nyumba kubwa linaweza kujikuta kwenye foleni ya mizani ya Makambako nyuma ya malori ya shaba. Hakuna wa kumlaumu. Barabara ikiharibika, wote wanaumia.

Hata uzuri wenyewe wakati mwingine unagombana na gari. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 na inayojulikana kama Bustani ya Mungu, ina aina 45 za okidi kwenye uwanda ulio juu ya mita 2,500. Maua huchanua wakati wa mvua, takribani Novemba hadi Aprili, na mvua hiyo hiyo hufanya barabara za udongo ziteleze. Gari zito lenye magurudumu mawili tu ya kusukuma halifai huko. Wenye busara huliacha mahali salama na kupanda na gari dogo la magurudumu manne, au hutembea kwa miguu pamoja na mwongozaji.

Karaha inayowaunganisha wote, dereva wa Scania na mzee wa Kijerumani aliyestaafu, ni pa kuegesha. Kando ya barabara kuna wezi wa dizeli, betri na turubai. Dereva anayelala jicho moja likiwa wazi ndiye atakayeteremka mlima wa Kitonga kesho yake na mzigo mzito, akipishana na mabasi yaliyojaa watu. Usingizi wake ni suala la usalama wa umma, na inasikitisha kwamba bado unachukuliwa kuwa shida yake binafsi. Watalii wanapo mahali pao, kama shamba la Kisolanza kati ya Iringa na Mafinga, lenye uwanja wa kambi na maji ya moto, ambalo wasafiri wa masafa marefu wamelizoea kwa miaka mingi. Dereva wa lori hapati sehemu ya namna hiyo kwa urahisi.

Makambako ina kila sababu ya kuwa na sehemu kama hiyo. Malori yapo, reli ipo, njia tatu zinakutana, na soko la chakula liko karibu. Kinachotakiwa ni uwanja wenye uzio na taa, mlinzi getini, bomba la maji, vyoo na mabafu safi yenye maji ya moto, shimo lililojengwa la kupokea maji machafu, na vibanda vya mama lishe vilivyopangwa. Ada ndogo ya kila usiku inaweza kulipia ulinzi na usafi, kwa kuwa wateja wanapita kila siku ya mwaka. Halmashauri ya mji ikitenga eneo, au mfanyabiashara mmoja akiamua kuthubutu, utingo ataoga kabla ya kulala, dereva ataondoka alfajiri akiwa amepumzika, na familia ya Kitanzania iliyogeuza Hiace yake kuwa chumba itapata pa kusimama ikielekea Njombe kwa likizo.